Mgeni Naye Ale Nzuu

Kila Desemba magari huiacha Barabara ya Mombasa na kuanza kupanda vilima vya Kilungu kuelekea Nunguni, yakiwa yamejaa watu wa Nairobi wanaorudi kwao. Siku hizi, katika baadhi ya magari hayo huwemo kijana asiyekula nyama. Mayai hali, maziwa hanywi, asali haonji. Na huko nyumbani mama yake ameshamfunga jogoo mguu tangu asubuhi, na baba ameshapatana na jirani bei ya mbuzi. Kabla giza halijaingia, watu wameshanuniana.

Wala mimea, kama nitakavyowaita hapa, ni wachache mno Makueni. Unaweza kuzunguka kijiji kizima usimpate hata mmoja aishiye huko mwaka mzima. Lakini ugomvi wanaouzua ni mkubwa kuliko idadi yao, nami nimeusikia ukirudiwa kwa maneno yaleyale: wazee husema mtoto ameharibiwa na mambo ya wazungu, mtoto naye husema wazee wake ni wakatili wasiotaka kuelewa. Kwa maoni yangu, wote wamekosa shabaha. Kinachouma Kilungu si nyama iliyokataliwa. Kinachouma ni kwamba mtu wa kuheshimiwa ameketi mezani, nyama ameikataa, na sasa hakuna cha kumpa ila kile chakula ambacho mwenyeji huona aibu kumpa mgeni.

Tukitazame chakula chenyewe. Siku ambazo hakuna mgeni, mtu wa Kilungu hula nini? Hula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Hula muthokoi, na muthokoi si chakula cha mvivu. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa kinuni mpaka ganda liachane na punje, hupepetwa kwa ungo, kisha hubandikwa pamoja na nzuu, ambazo ndizo mbaazi, au pamoja na kunde. Kuni huchochewa kwa saa nyingi. Ukiharakisha, punje hubaki ngumu na wageni hukaa kimya wakitafuna. Ukivumilia, punje hupasuka na kulainika, mchuzi wa nzuu unakuwa mzito wenyewe, na mpishi anayeijua kazi yake hahitaji zaidi ya kitunguu, nyanya na dania. Kuna ndengu. Kuna majani ya kunde na ya malenge. Kuna viazi vitamu, nduma kutoka mabondeni, maparachichi kwenye matuta. Ukiondoa maziwa ya chai, siku nyingi za mwaka hupita bila mnyama kuingia sufuriani.

Nyama ilikuwa ya Krismasi, ya harusi, ya mazishi, au ya siku ng'ombe alipoteleza na kuvunjika mguu kwenye mteremko. Waliokulia vilimani humo miaka ya 1970 na 1980 walikaribia sana kuwa wala mimea, ila hawakuchagua. Na hapo ndipo penye kidonda. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na chakula hakikuwepo cha kununua. Mzazi aliyepitia hayo, akasomesha watoto, akafika mahali pa kuweza kuchinja wageni wakija, ana haki ya kujivunia. Kuchinja ndiko kunakosema kwamba nyumba hii imevuka. Mtoto akija na kusema anataka nzuu tu, mzazi husikia kana kwamba anarudishwa alikotoka.

Hilo naliheshimu. Lakini sikubali hitimisho lake, kwamba nzuu ni chakula cha kuficha.

Ushahidi uko ndani ya kaunti yetu wenyewe, pale Makindu. Masingasinga waliofanya kazi katika reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, na mpaka leo msafiri yeyote anayepita Barabara ya Mombasa anaweza kuingia, avue viatu, afunike kichwa, aketi, alishwe bure. Haulizwi dini wala kabila. Hupewa chapati, dengu, wali, mboga, na chai ya maziwa. Nyama hakuna, wala haitafutwi. Desturi hiyo ya kulisha watu wote pamoja Masingasinga wamekuwa nayo tangu enzi za Guru Nanak, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Chai na samli yao vingemkwaza mla mimea wa kweli, hilo nalijua. Ninachotaka msomaji akione ni kingine: dereva wa lori, mzee wa kanisa, familia inayokwenda Mombasa kwa likizo, wote hutoka pale wakisifu. Sijawahi kumsikia Mkamba akilalamika kwamba Makindu walimdharau kwa kutomchinjia. Mwenyeji wa Makindu anampa mgeni kilekile anachokula yeye, na anampa bila kuomba radhi. Basi heshima imetoka kwa mtoaji, kwa jinsi alivyotoa.

Waethiopia nao wamelimaliza jambo hili zamani. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, pamoja na mifungo mirefu kabla ya Pasaka na nyakati nyingine, na siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Ukijumlisha, hata muumini wa kawaida anayefunga ipasavyo hula mimea tupu karibu nusu ya mwaka. Mikahawa ya Addis Ababa hupika kwa kufuata kalenda hiyo, na mgeni akipewa shiro na mboga juu ya injera hatafuti tusi ndani ya sahani.

Upande wa wazee una historia ambayo vijana wengi hawakufundishwa. Mwaka 1938, Kilungu ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana mifugo kupita kiasi na kwamba mifugo hiyo ndiyo inayomaliza udongo wa vilima. Ng'ombe wakaanza kunyang'anywa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuwapokonya watu ng'ombe kwa nguvu ulisimama. Barabara yenye jina lake ipo katikati ya Nairobi, na wengi wa vijana ninaowasema huipita kila siku.

Kwa hiyo kijana akisimama uani Kilungu na kutangaza kwamba mifugo inaharibu mazingira, mzee hasikii sayansi. Anasikia sauti ya bwana shamba wa 1938. Hoja yenyewe inaweza kuwa na ukweli: shirika la FAO lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji wa dunia nzima huchangia asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Lakini mbuzi watano waliofungwa kwenye ukingo wa shamba la nzuu si mashamba makubwa ya Marekani na Brazil. Na hoja ambayo iliwahi kuletwa huku na mtu mwenye bunduki haiwezi kuletwa tena kana kwamba ni habari mpya.

Vilevile mbuzi hao ndio wanaotoa samadi. Matuta ya Kilungu yamelimwa miaka mingi kwenye miteremko mikali, na bila samadi mahindi hayo ya muthokoi hayapatikani kwa mkulima asiye na pesa za mbolea ya dukani. Nzuu zina msaada wake, mizizi yake hurutubisha udongo na majani yake huoza yakawa mboji, lakini peke yake hazitoshi. Kijana anayetaka shamba lisilo na mnyama aje msimu wa kupanda, ashike jembe, aonyeshe.

Baada ya kusema hayo, niwaeleze wazee jambo ambalo hawapendi kulisikia: mtoto huyu ana hoja. Si lazima mtu asome vitabu vya ng'ambo ili moyo wake ukatae. Akisimama kando ya Barabara ya Mombasa ataona mbuzi waliorundikwa ndani ya malori, wengine wamekanyagwa na wenzao, wakielekea vichinjio vya Nairobi kama vile vya Kiamaiko. Ataona kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye pikipiki, kilomita baada ya kilomita. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tangu siku za uhuru, na inavunjwa mchana kweupe bila mtu kugeuza kichwa. Yeye amegeuza. Ni kosa gani hapo?

Wala hisia hiyo si ngeni Ukambani. Mwaka 2012 serikali ilimhesabu punda miongoni mwa wanyama wanaoweza kuchinjwa kwa nyama, na vichinjio vikafunguliwa, kimoja kikiwa Kithyoko, Machakos, ili ngozi ziuzwe China. Punda wakaanza kuibwa usiku. Kelele za wenye punda zilikuwa kubwa, mpaka Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, akaamuru biashara hiyo ikome. Watu walilia kwa sababu ya hasara, ndiyo, kwani punda ndiye anayeteka maji. Lakini aliyewasikiliza vizuri alisikia pia kwamba punda aliyebebea nyumba maji miaka kumi hawezi kuishia kisuni. Hiyo ni dhamiri. Mla mimea ameivuta mbele zaidi tu, akawafikisha mbuzi na ng'ombe mahali tulipomfikisha punda.

Na sisi Wakenya tumeshajifunza kuheshimu miiko ya wenzetu mezani. Msabato akikataa nguruwe, hakuna anayemuuliza. Katika vichinjio vyetu vingi anayeshika kisu ni Mwislamu, ili Waislamu nao waweze kula, na Mkristo wa Nunguni hali nyama hiyo kwa kinyongo. Koo za Wakamba zenyewe zilikuwa na wanyama wao wa mwiko. Gerhard Lindblom, Msweden aliyekaa miongoni mwa Wakamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliyaandika hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mtu alikataa nyama ya mnyama wa ukoo wake na hakuna aliyemwita mpotovu.

Tena kuna neno moja linalofungua kila mlango: daktari. Mzee mwenye gauti akisema daktari amemkataza nyama nyekundu, mama wa nyumba hukimbia jikoni kumtafutia kunde, na hakuna anayenuna. Kijana mwenye afya akisema dhamiri imemkataza, nyumba inawaka moto. Ndiyo maana wengi wameamua kudanganya. Wanasema wana vidonda vya tumbo, wana mzio, wamekatazwa hospitalini. Hali hii inanisikitisha kuliko ugomvi wenyewe. Tumejenga ukoo ambamo mtoto wetu anaona heri kujisingizia ugonjwa kuliko kutuambia anachoamini.

Katiba ya 2010 imeliweka wazi jambo hili. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani. Kifungu cha 44, kile kinacholinda utamaduni, kinasema pia kwamba hakuna mtu atakayemlazimisha mwingine kufanya desturi au tambiko lolote la kitamaduni. Sidhani kama kuna familia itakayokwenda mahakamani juu ya kipande cha mbavu, wala sitaki ifike huko. Nataja vifungu hivi kwa sababu wazee wanapenda kusema kwamba utamaduni umelindwa na katiba. Umelindwa, pamoja na mtu asiyetaka kushurutishwa.

Mahali pagumu kuliko pote ni ntheo. Hapa hakuna njia ya mkato. Kwa Mkamba, mke hajawa mke mpaka mbuzi wa ntheo wapelekwe kwa wazazi wake, kwa kawaida mbuzi watatu, na mahakama za Kenya zimeitumia ntheo kama kigezo katika kesi za urithi pale mjane anapotakiwa kuthibitisha kwamba aliolewa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kiasi kidogo cha mahari kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila, lakini sheria haiwezi kumwambia mzee akae na mkwe wake vipi. Nyama ya siku hiyo hugawanywa kwa kufuata umri na ukoo. Asiyepata fungu lake anajua ameachwa nje, na asiyepokea fungu lake anahesabiwa kuwa amejitoa.

Nilihudhuria ntheo moja upande wa Nunguni ambapo bwana harusi alikuwa mla mimea. Mbuzi walikuwa wamefika wakiwa hai, wamekaguliwa meno na kwato, na mmoja akachinjwa. Mzee mmoja alimkatia kijana kipande, akamnyooshea kwa ncha ya kisu. Kijana alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakigeuzia mjomba wake aliyeketi kando yake. Mzee alikitazama kile kipande kikienda. Hakusema kitu. Baada ya muda shangazi wa bibi harusi alitoka jikoni na sahani ya muthokoi, na ile sahani ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine, kubwa, iliyopinduliwa. Nzi hawakuwepo. Aliificha.

“Hii ni ya sisi wa jikoni, mwanangu,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Usituone vibaya.”

“Mwaitu, hii ndiyo niliyoitaka.”

Aliimaliza, akaomba tena. Ile ya pili ililetwa wazi. Wazee wawili waliokuwa na meno mabovu, ambao mbuzi alikuwa anawasumbua, wakaagiza nao waletewe.

Kijana yule alifanya kazi yake yote. Alileta mbuzi akijua mmoja wao atachinjwa, na nimeambiwa na baadhi ya wala mimea kwamba kwa kufanya hivyo alisaliti imani yake. Nakataa. Mbuzi akishapokelewa si wake tena. Ni wa wenye boma, na kuwaamulia watu la kufanya na mali yao ndiyo jeuri tuliyoikimbia mwaka 1938. Majike ya ntheo aghalabu huachwa yazae, na hilo lamtosha mtu kushukuru. Alichokuwa na mamlaka nacho ni kinywa chake, na alikitumia bila kumuumbua yeyote. Hakutoa hotuba, hakukunja uso moshi ulipomjia, na fungu lake halikuanguka chini.

Asali nayo ina utata wake, kwa kuwa Wakamba ni wafugaji wa nyuki tangu zamani na pombe ya asali ilikuwa na nafasi yake katika mazungumzo ya wakwe. Kikombe kinaweza kupokelewa na kupitishwa kwa mwingine kama lile fungu la nyama. Njia ni ileile.

Kwa vijana wenyewe nina maneno machache. Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama cha wala mimea Uingereza mwaka 1944, walikuwa wakikataa meza ya nchi yao. Ninyi mna bahati: sehemu kubwa ya meza ya nyanya zenu tayari inawafaa. Basi msije Kilungu kama watu walioleta ustaarabu. Njooni kama watu wanaodai chakula cha kwao. Mpigieni mama simu wiki moja kabla, msimshtukize sufuria ikiwa motoni. Mazishini msihubiri. Saidieni kutwanga na kuosha vyombo, kwa sababu chakula mnachokipenda ndicho kinachochosha wanawake kuliko nyama ya kuchoma inayopikwa na wanaume kwa kelele. Na msiache vitamini B12, ambayo mimea haitoi kwa uhakika. Tafuteni vidonge au vyakula vilivyoongezewa, hasa kwa mama mjamzito na mtoto. Afya yenu ikiyumba, wazee watasema walisema.

Kwenu wanakamati wa harusi, mazishi na harambee za msimu huu, na kwenu kina mama wa makanisa mnaosimamia majiko: tengeni sufuria moja isiyotiwa mafuta ya mnyama wala viungo vya pakiti vyenye nyama, na iwekwe kwenye meza kuu pamoja na nyingine, si mlango wa nyuma. Mwenye gauti atakula, Mkatoliki katika Ijumaa ya Kwaresima atakula, mzee asiye na meno atakula, na yule kijana naye atakula bila kujieleza kwa mtu. Gorogoro chache za mahindi na nzuu hazifiki bei ya mbuzi mmoja.